Shingo ya Phoenix
Nilitaka fremu ya mbio kwa lami ya Babati hadi Katesh. Fundi wa Dongobesh akaipima kwa jicho: shingo imesimama mno, digrii 73, kwenye vumbi letu itakuvunja mikono. Akanielekeza kwenye Phoenix ya babu, ya Shanghai, iliyofuata mtindo wa Raleigh za Nottingham. Shingo yake imelala, digrii 67 hivi, kwa sababu Waingereza waliichora kwa barabara zao mbovu za zamani. Ndiyo iliyobeba vitunguu saumu vya Mbulu miaka yote. (Milimani babu aliisukuma, hilo halisemi.) Nikachukua ya katikati, digrii 71, inayopokea tairi la milimita 35. Babu akaizunguka mara mbili.

“Mjukuu wangu, keria iko wapi?”