Nyanya Alizaliwa Mwaka Gani?



Ndugu msomaji, nyanya yangu alifariki mwaka 2022 huko kwetu Timau. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Baada ya mazishi nilitumwa kushughulikia karatasi, na karani akaniuliza swali rahisi tu: "Marehemu alizaliwa lini?" Nikampa kitambulisho. Kilikuwa kimeandikwa 1940. Akanakili, akapiga muhuri, mambo yakaisha.

Lakini mimi nilijua huo mwaka si wa kweli. Nyanya mwenyewe alinisimulia, huku akicheka, jinsi ulivyopatikana. Alipokwenda kuchukua kitambulisho, yule aliyekuwa akiandika alimtazama usoni, akatazama watoto aliokuja nao, akasema, "Wewe mama, nitakuandika arobaini." Basi. Tangu siku hiyo akawa mtu wa 1940.

Tusimlaumu sana yule mwandishi. Angeandika nini? Wakati wa ukoloni waliosajiliwa ni wanaume. Kuanzia mwaka 1919 na 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, na kwa hiyo babu zetu wako ndani ya madaftari ya serikali hata kama waliingizwa humo kwa kuonewa. Wanawake hawakuwemo. Hata baada ya uhuru, ni mwaka 1978 tu ndipo sheria ya usajili ilipobadilishwa na wanawake nao wakaanza kuandikishwa vitambulisho. Yaani nyanya alizaliwa, akalima, akaolewa, akazaa na kulea, na serikali ilikuwa bado haimjui kwa jina.

Sasa, je, mtu asiyeandikwa hana historia? Sisi Waislamu tusiwe wepesi kusema hivyo. Tukiwa wadogo madrasa tulifundishwa kwamba Mtume wetu (SAW) alizaliwa Mwaka wa Tembo. Hatukuambiwa mwaka wa ngapi, tuliambiwa mwaka wa tukio. Tukaambiwa pia juu ya Mwaka wa Huzuni, alipofariki Bi Khadija (RA). Hesabu ya Hijria tunayofungia Ramadhani ilipangwa baadaye na Sayyidna Umar (RA), Mtume akiwa ameshaondoka duniani. Na hata baada ya hesabu hiyo kuwekwa, ule mwaka wa ukame mkali Madina watu waliuita Mwaka wa Majivu. Ukimwambia mtu tarehe ataisahau, lakini njaa haisahau.

Wameru pia ndivyo walivyohesabu. Wanaume walikuwa na rika zao, kama Ratanya, Lubetaa na Gichunge, na mwanamke alijipima kwa rika la kaka yake au la mumewe. Kwa hiyo nyanya alikuwa na kalenda yake kamili kichwani. Aliyekosekana ni mtu wa kuisoma.

Mimi nilianza kuisoma kwa bahati tu. Mwaka 2020, mwezi wa Machi, shule zilifungwa kwa ajili ya korona. Nilikuwa kidato cha tatu, nikarudi nyumbani. Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria ikatukuta mwisho wa Aprili na misikiti imefungwa, tarawehe tunaswali sebuleni. Wale wanaoijua Timau wanajua baridi yake. Tuko juu kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, kati ya Nanyuki na Meru, na saa kumi usiku wakati wa daku upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Tulikuwa tunakaa jikoni karibu na moto, uji wa wimbi mkononi, na nyanya anaongea.

Kilichomfungua mdomo ni nzige. Mapema mwaka ule makundi ya nzige wa jangwani yaliingia Kenya, yakafika Samburu, Isiolo, Laikipia na kwetu Meru. Wataalamu walisema Kenya haijaona kitu kama hicho kwa miaka 70. Sisi vijana tulitoa simu kupiga picha. Nyanya alitoka na sufuria na mwiko akaanza kuipiga, kelele tupu, na akasema, "Hawa nimewafukuza tangu sijaota meno ya mbele."

Nikaduwaa. Baadaye nikafanya hesabu. Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia nzige walivamia Afrika Mashariki, na mwaka 1943 Kenya ilikuwa na njaa. Nyanya alikumbuka vyote viwili, nzige na njaa. Mtoto anayengoja meno ya mbele kuota upya ana miaka sita au saba. Basi nyanya alizaliwa karibu na 1936 au 1937. Karani alimpunguzia miaka mitatu minne hivi!

Hapo niligundua jambo moja lililonichoma. Mwaka huohuo wa 1943, Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita walitoroka kambi ya Nanyuki, wakaupanda Mlima Kenya, halafu wakarudi kambini wenyewe. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliandika kitabu, na kimesomwa dunia nzima. Sina ubaya nao, ni watu wenye ujasiri. Lakini upande mwingine wa mlima uleule kulikuwa na msichana mdogo anayepiga bati kuokoa wimbi wa mama yake, na yeye hakuandikiwa hata mstari mmoja.

Baada ya nzige tukafika Imajensi. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia 1954 serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wa Kikuyu, Embu na Meru kutoka makwao na kuwasukuma kwenye vijiji vyenye ulinzi. Vitabu vinasema ni zaidi ya watu milioni moja, katika vijiji zaidi ya 800. Nyanya hakujua hizo namba. Yeye alijua handaki. Wanawake na wasichana waliamshwa alfajiri kulichimba, likazunguka kijiji, ndani yake vigingi vilivyochongwa. Alijua kafyu, kwamba jua likizama huruhusiwi kutoka hata kuteka maji. Na alijua njaa, kwa sababu mtu anayechimba handaki kutwa nzima shamba lake linalimwa na nani?

Huko kijijini ndiko alikofia mdogo wake wa mwisho, mtoto wa kubebwa mgongoni. Alikuwa anamlea yeye. Homa ya siku chache tu. Nyanya alisema, "Yule mdogo wetu alikuwa mwepesi, hata ukimbeba husikii." Halafu akanyamaza, akachochea moto, adhana ya alfajiri ikaingia kwenye redio. Nikanywa maji, nikaenda kutia udhu.

Ndugu msomaji, sikuuliza jina la yule mtoto. Nilidhani nitauliza kesho. Kesho yake tukazungumza mambo mengine, jinsi babu, aliyekuwa utingo wa lori za Isiolo, alivyosilimu huko. Isiolo ni mji ambao Wasomali waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Waingereza walipewa makao, na Uislamu umeota mizizi huko. Akasimulia alivyomfuata babu katika dini, na kwamba Ramadhani yake ya kwanza alifunga bila saa, akingoja kivuli cha mlima. Akasimulia walivyokuja Timau baada ya uhuru wa 1963. Nchi hii ilikuwa ya masetla, ya ngano na kondoo, Mwafrika akiingia ni kwa kibarua. Yeye aliingia kama kibarua wa kung'oa magugu, na baada ya miaka mingi akapata shamba dogo lake mwenyewe. Alikuwa akilionyesha kwa kidole na kunitania, "Hii yote, mume wangu, nimekuwekea wewe."

Shule zikafunguliwa Januari 2021. Nikaondoka. Alipofariki, niliwauliza shangazi zangu jina la yule mtoto. Hakuna anayelijua. Kaburi lake pia hakuna anayelijua. Alikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyemkumbuka, na mtu huyo nilikaa naye mwezi mzima jikoni.

Pengine utasema, maneno ya wazee yana uzito gani? Nikukumbushe. Wazee wachache wa Kenya walishtaki serikali ya Uingereza huko London kwa mateso ya Imajensi, na miongoni mwao alikuwemo mwanamke, Jane Muthoni Mara. Mwezi Oktoba 2012 mahakama iliamua kesi yao isikilizwe, na Juni 2013 Uingereza ikatamka kwamba inajutia yaliyotendeka na kukubali kuwalipa wazee 5,228. Nyaraka zilisaidia, naam. Lakini msingi ulikuwa wazee waliokaa chini wakasema, "Mimi nilikuwepo." Nyanya hakuwa katika hao. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hakuna mtu aliyekuja kumuuliza.

Na sisi Waislamu tunajua zaidi ya wengine thamani ya kuuliza. Bi Aisha (RA) amepokelewa hadithi 2,210. Zimetufikia kwa sababu kulikuwa na vijana waliokwenda kwake, akiwemo mpwa wake Urwa, wakauliza, wakahifadhi, wakataja nani kasikia kwa nani. Wangesema "tutauliza kesho," leo tungekuwa na nini?

Kwa hivyo ombi langu Ramadhani hii ni dogo. Baada ya futari, kabla ya tarawehe, kaa na nyanya au babu kwa nusu saa. Usimuulize "ulizaliwa lini," atakuambia hajui. Muulize wakati wa nzige alikuwa na ukubwa gani. Muulize siku ya uhuru alikuwa wapi, na ile njaa ya 1984, ya mahindi ya manjano, alikuwa na watoto wangapi. Halafu uliza majina. Ya mama yake, ya ndugu zake, hasa wale waliokufa wadogo. Yaandike siku hiyohiyo, hata kama ni nyuma ya daftari la shule.

Mimi ninalo daftari langu. Lina kurasa nyingi za nyanya, alhamdulillahi, na sehemu moja nimeacha mstari mtupu. Sitaujaza tena.

Ewe Mola, mrehemu nyanya yetu, lifanye kaburi lake liwe na nuru, na utukutanishe naye Peponi. Amin.

Ramadhan Kareem.