Ukoo wa Washington na Ramani ya Marekani

Katika karne ya 12, bwana mmoja wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, William de Hertburne, alihamia milki ya Washington, karibu na mto Wear. Kwa desturi ya mabwana wa zama zile, aliacha jina la alikotoka akajiita kwa jina la makao mapya. Ndivyo mahali palivyozaa ukoo.

Miaka ya 1650, John Washington, wa ukoo huo, alivuka Atlantiki akatia nanga Virginia, koloni la tumbaku. Alioa katika familia yenye mali, akajilimbikizia ardhi. Hata hivyo kizazi chake hakikuwa na pupa ya kujiandika ardhini: kitukuu wake Lawrence aliliita shamba lake la kando ya Potomac Mount Vernon, kwa heshima ya Edward Vernon, jemadari wa majini aliyekuwa mkuu wake vitani.

Vita vya uhuru ndivyo vilivyogeuza mambo. Septemba 1776, miezi miwili tu baada ya tangazo la uhuru, Maryland ilimega kaunti mpya na kuipa jina la George Washington, nduguye Lawrence kwa baba, wakati hata ushindi wa vita ulikuwa bado haujulikani. Mwaka 1791 makamishna wa mji mkuu mpya waliuita kwa jina lake, naye yu hai na yuko madarakani kama rais. Mwenyewe aliendelea kuuita Mji wa Shirikisho.

Karne ya 19 walowezi walisukumana kuelekea magharibi, wakiwapokonya wenyeji ardhi, na kila kaunti mpya ilidai jina. Majina ya wanasiasa walio hai yalizua ugomvi. La Washington halikupingwa na chama chochote. Leo kaunti 30 zinalo, pamoja na parokia moja ya Louisiana. Walowezi wa pwani ya Pasifiki waliomba eneo lao liitwe Columbia. Mwaka 1853 Bunge likakataa, lisije likachanganywa na Wilaya ya Columbia, likaliita Washington! Dawa hiyo imekuwa chanzo cha mkanganyiko hadi leo.

Katika eneo hilohilo, mwaka 1875, George Washington mwingine alianzisha mji ambao sasa ni Centralia. Alizaliwa Virginia mwaka 1817, baba yake akiwa mtumwa. Baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865, wengi waliokombolewa walijichagulia majina ya ukoo, na wengine walichukua hili. Mwalimu Booker T. Washington alijipa jina hilo darasani utotoni, alipoulizwa jina lake kamili. Baadaye shule za Tulsa, Memphis na Miami ziliitwa kwa jina lake. Rais George Washington mwenyewe hakuzaa. Sensa ya mwaka 2000 ilionyesha kuwa takriban watu 90 kati ya kila 100 wenye jina hilo Marekani ni weusi. Anayesaka nasaba kwa kufuata ramani atapotea njia mapema.

Novemba 2016 wapiga kura wa mji mkuu waliidhinisha mpango wa kuwa jimbo, nalo lingeitwa Washington, Douglass Commonwealth, kwa heshima ya Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa mpango huo mwaka 2020, likaurudia 2021. Seneti haikuupitisha.