Ndoa Mbili za M-Pesa: Moja Ilififia, Moja Ikadumu

Wadau, kuna kampuni inataka tuungane ili programu yangu ya hesabu za maduka iingie kwenye mtandao wa wateja wao. Kabla sijajibu, nimerudi kwenye historia ya M-Pesa.

Kwetu Mutomo, mwaka 2007, barabara ilikuwa ya vumbi na kwenda benki Kitui mjini kulikumalizia siku. M-Pesa ilipoanza Machi mwaka huo, simu ikawa pochi. Lakini pochi haikopeshi wala haitoi riba, na Safaricom haikuwa na leseni ya benki. Ilibidi itafute mwenzi.

Ndoa ya kwanza ilikuwa Mei 2010: M-Kesho, pamoja na Equity. Ilizinduliwa kwa kishindo, ikafifia. Kufungua akaunti ilibidi umwendee wakala au tawi. Tena Equity ilikuwa na mamilioni ya wateja wake, Safaricom nayo wake. Mteja wa M-Kesho alikuwa wa nani? Mwaka 2014 Equity ilianzisha huduma yake ya simu, Equitel.

Ndoa ya pili ilikuwa Novemba 2012: M-Shwari, pamoja na Commercial Bank of Africa. Benki hii ilikuwa na matawi machache na ilijulikana kwa matajiri na makampuni, ila tayari ilikuwa ikitunza fedha za M-Pesa. Ilileta leseni na mtaji. Safaricom ilileta wateja, menyu ya simu na taarifa za jinsi mtu anavyotumia laini yake, zilizosaidia kuamua akopeshwe kiasi gani. Hakuna fomu. Muuza mbuzi wa Mutomo aliweza kukopa kuanzia shilingi 100 akiwa pale pale sokoni, alipe baada ya siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Si rahisi ukipiga hesabu ya mwaka, lakini kufikia mwisho wa 2014 akaunti zilipita milioni 9. Benki iliungana na NIC mwaka 2019 ikawa NCBA, na M-Shwari ikaendelea.

Kwa hiyo nimejiuliza maswali mawili: mwenzangu ana nini nisichokuwa nacho? Na mteja atakuwa wa nani? Kampuni inayonitaka ina programu kama yangu na inawania maduka yale yale.

Jibu nimeshalipata. Wewe ungejibuje?