Hakimiliki Ilipofanywa Kifuniko

Mwezi wa Februari mwaka 1817 Robert Southey, malenga wa mfalme wa Uingereza, mtu wa makamo aliyekwisha kupata cheo, mshahara na heshima ya wakubwa, alipata habari kwamba madukani mwa London kinauzwa kitabu chake mwenyewe ambacho hakukitoa yeye. Kilikuwa ni tamthilia iitwayo Wat Tyler, aliyoitunga mwaka 1794 angali kijana wa damu moto, akimsifu yule kiongozi wa wakulima walioinuka mwaka 1381 kuipinga kodi ya kichwa, na akiwasema watawala kwa maneno ambayo malenga wa mfalme hawezi kuyatamka akabaki na cheo chake. Mswada aliuacha London kwa muuza vitabu tangu ujanani, akausahau. Na mahasimu zake, waliomchukia kwa kuwa alikuwa amegeuka na sasa akiwashutumu watu wa rai ile ile aliyokuwa nayo zamani, wakaupata na kuupiga chapa. Tarehe 14 Machi mbunge William Smith alisimama Bungeni akasoma baadhi ya maneno yale kwa sauti, ili wenziwe wasikie malenga alikuwa nani kabla hajawa malenga.

Southey hakuwa na la kukana. Hangeweza kudai kuwa amekashifiwa, maana mwenye kukashifiwa ni yule aliyezuliwa uongo, na hapa kila neno lilikuwa lake. Basi akashika njia nyingine: akaenda mbele ya Lord Eldon, mkuu wa mahakama ya Chancery, akaomba amri ya kukizuia kitabu kisiuzwe, kwa hoja kwamba kile ni mali yake na kimetolewa bila ya idhini yake. Eldon akamkatalia, kwa hukumu ambayo hata leo haimkosi msomaji tabasamu: kitabu chenye kuchochea madhara kwa umma, alisema kwa maana yake, hakiwezi kulindwa na mahakama ile kuwa ni mali ya mtu, hata aliyekitunga akiwa amekwisha kutubu. Maadam hakikuwa na mwenyewe, kila aliyekuwa na mtambo wa chapa akajitwalia. Kikauzwa kwa bei ya masikini, na yasemekana zilitoka nakala 60,000.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake imo hila yote ninayotaka kuisimulia, ingawa wakati ule ilimshinda aliyeitumia. Mtu ana jambo asilotaka lijulikane, na jambo hilo ni la kweli. Akishitaki kwa kashfa ataulizwa, “Je, waliyoyasema ni uongo?” na swali hilo ndilo asilolitaka. Lakini akishitaki kwa mali swali hugeuka, akaulizwa, “Je, ni ya nani?” na ukweli ukatolewa nje ya mlango kama shahidi asiyeitwa.

Wala hili si ajabu kwa mwenye kuijua nasaba ya sheria yenyewe, kwani hakimiliki ya Kiingereza haikuzaliwa ili imlinde mtunzi. Mwaka 1557 Malkia Mary, akihangaishwa na vitabu vya wale aliowaona kuwa wazushi wa dini na wachochezi wa fitina, alikipa chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London, Stationers' Company, hati ya kifalme: wapige chapa wao na wachache waliopewa ruhusa, na kwa kuilipia fadhila hiyo wawe na mamlaka ya kuingia nyumbani mwa watu, kupekua, kutwaa na kuchoma vitabu vilivyokatazwa. Aliyeandikisha kitabu katika daftari la chama alikuwa na haki ya kukichapa yeye peke yake daima dawamu. Mtunzi hakuwamo katika hesabu. Biashara na udhibiti wa maneno vililala kitanda kimoja kwa zaidi ya karne, mpaka sheria ya leseni ilipoachwa ife mwaka 1695, na wachapaji, walioona riziki yao inamomonyoka, wakalia na kulia Bungeni hata ikapatikana ile sheria ya Malkia Anne ya mwaka 1710, iliyompa mtunzi miaka 14 ya kumiliki kazi yake, na mingine 14 akiwa bado hai. Ilikuwa sheria ya kheri, na sisi tuandikao hatuna sababu ya kuibeza. Lakini mtoto aliyelelewa na polisi huenda akabaki na tabia mbili tatu za kipolisi.

Tabia hizo zilionekana tena Marekani mwaka 1966. Howard Hughes, tajiri wa filamu na ndege aliyeishi kwa kujificha asionwe na watu, alipata habari kwamba nyumba ya Random House inakaribia kutoa kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na John Keats (huyu si yule mshairi wa Kiingereza, ambaye wakati huo alikuwa kaburini yapata miaka 145). Mwandishi alikuwa ametumia, pamoja na mengine, makala yaliyotoka mwaka 1954 katika jarida la Look. Kampuni iliyoundwa kwa ajili ya Hughes, ikiitwa Rosemont Enterprises, ikayanunua makala yale ya kale, na siku chache tu baada ya kuyanunua ikafungua daawa ya hakimiliki. Mahakama ya rufani iliyoko New York iliitangua amri ya zuio, na majaji wawili kati ya watatu walisema waziwazi kwamba mtu anunuaye hakimiliki kwa ajili ya kuzuia kitabu kisisomwe hakuja mahakamani kwa nia safi.

Insafu yanilazimu kutaja kwamba kifuniko hiki si kila mara kilifunika jambo ambalo sisi tungetaka lifunuliwe. Mwaka 1939 mwandishi wa habari Alan Cranston, ambaye baadaye alikuwa seneta, alitoa Marekani muhtasari wa kitabu cha Hitler kwa senti 10, pamoja na yale yaliyokuwa yamepunguzwa katika tafsiri ya kwanza ya Kiingereza, ili Wamarekani wajue wanashughulika na mtu gani. Zikauzwa nakala nusu milioni katika siku 10, kisha mchapishaji mwenye haki akashitaki, akashinda. Mchapishaji yule hakuwa na nia ya kumficha Hitler, alikuwa akilinda duka lake tu, lakini athari ni ile ile. Baada ya vita haki ya kitabu hicho hicho ikaangukia mikononi mwa serikali ya Bavaria, ambayo iliitumia kukataza kisichapwe tena mpaka muda ulipokwisha, mwishoni mwa mwaka 2015. Wengi waliiunga mkono Bavaria. Nami ningalikuwa Mjerumani wa mwaka 1950 huenda ningaliiunga mkono. Ila nionavyo, nchi itakayo kukataza kitabu kwa ubaya wake ni bora ikikataze kwa jina hilo, isijifanye kwamba inalinda mirathi ya mtunzi.

Hata hivyo watu wote hao, Southey, Hughes na wachapishaji, walilazimika kwenda mahakamani, na mahakama ina milango, ada, mawakili na jaji anayeweza kuuliza swali la uchokozi. Mwaka 1998 mlango ule uliondolewa. Tarehe 28 Oktoba Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya hakimiliki ya zama za kidijiti, ambayo kifungu chake cha 512 kilikuja kutawala maneno ya dunia nzima. Kampuni zinazohifadhi kazi za watu kwenye intaneti ziliogopa kushitakiwa kwa kila wizi uliofanywa na wateja wao; sheria ikazipa amani kwa sharti moja, kwamba zikipokea ilani ya mwenye haki ziondoe upesi kinacholalamikiwa.

Na ilani yenyewe ni kitu chepesi. Haihitaji mhuri wala wakili. Mlalamikaji hutaja kazi anayodai ni yake, hutaja anwani ya mahali ilipowekwa, huandika kwamba anaamini kwa nia njema kuwa haikuruhusiwa, hutia jina na saini, basi. Huapa, naam, lakini ukiisoma sheria kwa makini utaona kwamba adhabu ya kiapo cha uongo imefungwa kwenye jambo moja tu, yaani kuwa yeye ndiye mwenye haki au wakili wake, mengine ni ya kushitakiana baadaye, na mshitaki athibitishe kwamba mwenziwe alisema uongo hali akijua. Aliyeondolewa kazi yake aweza kujibu kwa ilani ya kupinga, kisha angoje siku za kazi kati ya 10 na 14 ndipo irudishwe. Kwa habari ya kabla ya uchaguzi, siku 14 ni umri mzima.

Mwezi wa Machi mwaka 2002 mawakili wa Kanisa la Scientology waliiandikia Google wakilalamikia kurasa za tovuti moja ya Norway iliyokuwa ikilipinga kanisa hilo na kunukuu maandiko yake ya siri, na Google ikaziondoa katika majibu yake. Kelele zilipozidi, ukurasa wa mbele ukarudishwa, na kampuni ikaanza mtindo mpya: kila ilani iliyopata iliipeleka katika hifadhi ya Chilling Effects, iliyoanzishwa na mwanasheria Wendy Seltzer pamoja na vyuo kadhaa vya sheria, ambayo tangu mwaka 2015 yaitwa Lumen na imewekwa Chuo Kikuu cha Harvard. Chini ya majibu ya Google pakawekwa neno la kumwambia msomaji kuwa hapa pameondolewa kitu, na ilani hii hapa, isome. Ndani ya ilani, kwa kuwa sheria yataka anwani zitajwe, zilikuwamo anwani zile zile zilizofichwa. Sijui daftari jingine la siri ambalo wenye siri wameliandika wenyewe kwa mkono wao namna hii.

Mwaka 2003 ukaleta kisa kilicho kizito zaidi. Barua za ndani zipatazo 13,000 za wafanyakazi wa Diebold, kampuni iliyotengeneza mashine za kupigia kura, zilivuja, na ndani yake mafundi walikuwa wakiambizana juu ya kasoro za mashine hizo. Wanafunzi wa chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, wakazitangaza, na Diebold ikapeleka ilani za hakimiliki chuoni na kwa kampuni za intaneti. Barua zikahamia vyuo vingine. Huku zikifungiwa, kule zikifunguliwa. Hata mbunge Dennis Kucinich akaweka baadhi yake katika tovuti yake ya Bunge. Ikaja daawa, na mwaka 2004 Jaji Jeremy Fogel wa California alihukumu kwamba kampuni ilipotosha hali ikijua, kwani hakuna mwenye hakimiliki mwenye akili timamu angeamini kwamba barua za kujadili kasoro za mashine za kura zalindwa zisitangazwe. Na kweli, ni mali gani iliyoibiwa? Nani angelipa senti kuinunua barua ya fundi akimlalamikia fundi mwenziwe? Diebold ikalipa dola 125,000. Hukumu za namna hiyo, za kumtia hatiani mpeleka ilani, zimekuwa chache mno tangu siku ile.

Wengine waliona kungoja maneno yaandikwe ni kuchelewa. Kampuni moja ya North Carolina, Medical Justice, iliwauzia madaktari mkataba ambao mgonjwa huutia saini kabla ya kutibiwa, akimkabidhi daktari hakimiliki ya lolote atakaloandika kumhusu. Mtu ameshika shavu kwa maumivu, jino lapwita, naye apewa karatasi ya kuyauza maneno ambayo hajayafikiri bado. Huko New York mgonjwa wa meno aliyelalamika hadharani mwaka 2011 alijikuta akitumiwa hati za madai ya dola 100 kwa kila siku malalamiko yake yanapobaki. Kampuni iliuacha mkataba huo mwaka ule ule mgonjwa huyo alipofungua kesi, na mwaka 2016 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuibatilisha mikataba ya aina hiyo.

Hila iliyokuja kushinda zote ni ya tarehe. Washairi wa pwani yetu walizoea kutia majina yao na mwaka wa Hijra katika beti za mwisho, na mwanachuoni aliyepokea mswada alianza kwa kutazama hapo, kisha akaikagua karatasi na wino, asije akadanganywa na mnakili. Kwenye intaneti hakuna karatasi wala wino. Mghushi huichukua habari asiyoipenda, huinakili neno kwa neno katika tovuti aliyoiunda jana, huiandikia tarehe ya miaka miwili kabla ya ile ya asili, kisha hupeleka ilani kwamba mwandishi wa kweli ndiye mwizi. Mwaka 2013 makala 10 za Retraction Watch, zilizomhusu mtafiti wa saratani ambaye tafiti zake zilikuwa zimefutwa, ziliondolewa kwa madai ya tovuti moja ya India iliyokuwa imezinakili yenyewe. Makala zikarudishwa baadaye.

Kazi hiyo sasa ina mafundi wa kuajiriwa. Nyaraka karibu 50,000 za kampuni ya Eliminalia ya Hispania, zilizochunguzwa na waandishi wa Forbidden Stories na kutangazwa Februari 2023, zilionyesha jinsi wateja walivyosafishiwa majina, na ilani za hakimiliki zikiwa miongoni mwa sabuni. Novemba ya mwaka huo Google nayo ikawashitaki watu iliodai kuwa wametumia ilani za uongo dhidi ya anwani zaidi ya 117,000, hao wakiwa ni wafanyabiashara wa kuwazima washindani wao tu. Kwetu, Kenya ilipoirekebisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019 iliingiza njia ya ilani kama ile ya Wamarekani, walakini ikatia na kifungu cha kumfanya mhalifu yeyote atoaye ilani ya uongo au ya nia mbaya.

Southey aliishi mpaka mwaka 1843. Mnamo 1837, alipoanza kuzitoa tungo zake zote katika mkusanyo mmoja aliousimamia mwenyewe, Wat Tyler aliitia ndani.