Mwalimu wa Kwanza ni Mutoto ya Nani?

Ukitoka Uvira kuelekea Baraka, ziwa likiwa kushoto na milima kuume, unafika Makobola. Mzee wa pale hatakuuliza kwanza una diploma gani. Atakuuliza: "Weye ni mutoto ya nani?" Ukimjibu, ataendelea: babu yako ni nani, na mama ametoka ukoo gani? Wengi wetu tunaona ni swali la salamu tu. Kumbe ndilo mlango wa kumtafuta mwalimu wa zamani, yule aliyewafundisha wazee wetu kusoma na kuhesabu.

Wakubwa wa misheni hawana shida ya kutafutwa. Padri Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupewa upadri, mwaka 1917, ameandikwa sana. Lakini mwalimu wa kijiji, aliyekuwa mara nyingi mwalimu na katekista kwa pamoja, ametajwa kwa mstari mmoja tu, tena kwa jina la ubatizo peke yake.

Tuanze na vitabu. Mapadri Weupe walifika Mulweba, katika Masanze, mwaka 1880, kisha Kibanga mwaka 1883. Huko walifundisha watoto, wengi wao wakiwa wamekombolewa katika utumwa. Mwaka 1921 wamisionari Wapentekoste kutoka Sweden wakafika Uvira. Miaka hiyohiyo ya 1920 serikali ya Wabelgiji ikaanza kutoa fedha kwa shule za misheni, na moniteri akaanza kuhesabiwa katika karatasi. Jimbo Katoliki la Uvira lilianzishwa mwaka 1962 tu. Kwa hiyo anayetafuta mambo ya mbele ya hapo asiishie Uvira. Aulize mtu alibatizwa katika misheni gani, na misheni ile ilikuwa chini ya nani.

Kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki kina utajiri: jina, wazazi, msimamizi, siku, na pembeni habari za ndoa. Lakini mtu mzima aliyebatizwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na padri alikisia miaka yake. Hapo ndipo wazee wanasahihisha kitabu. Watasema: alizaliwa mbele ya vita ya 1914, au alikuwa ameisha kuoa wakati ule, au yeye ndiye aliyemfuata dada yake fulani. Ukipanga ndugu wote kwa zamu, mwaka unakaribia.

Shida kubwa ni jina. Mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu: la ukoo, la ubatizo, na lile la miaka ya 1970, maana mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo. Tena mjukuu hupewa jina la babu, na karani wa Kifaransa aliandika "ou" pale sisi tunapoandika "u". Bila kujua baba na mama, utachanganya babu na mjukuu wake, na mwalimu mmoja atakuwa watu wawili. Kwa hiyo usikubali jina pasipo jina la mama. Baba wanaweza kuitwa sawa. Baba na mama pamoja ni vigumu kufanana.

Na sasa tufike kwenye uchungu. Uasi wa 1964 ulipita hapa, na vita ya 1996 vilevile. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, watu waliuawa Makobola na vijiji vya jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inasema walizidi 800. Walioanguka wengine walikuwa ndio vitabu vyenyewe. Wengi waliopona walivuka ziwa, wakafika Tanzania katika makambi kama Nyarugusu, na ukoo ukagawanyika pande mbili za maji.

Ndiyo maana kazi hii si ya kujivunia babu. Mtoto aliyezaliwa kambini akiulizwa ni wa nani, awe na la kujibu. Basi, ndugu, leo jioni chukua daftari. Keti karibu na mama mzee, maana akina mama ndio wanaojua nani alizaliwa na nani. Andika majina yote matatu, andika wazazi wote wawili, halafu uliza: na nani alikufundisha kusoma?