Mjumbe Mlei Katika Mkutano Mkuu wa Kilutheri: Anatumwa, Anapiga Kura, Anarudi

Mama mmoja mweka hazina wa parokia hapa Bukavu alichaguliwa kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kanisa lake. Akaja kwangu akitaka kukataa. "Mchungaji, ule ni mkutano wa watumishi. Mimi muuza vitenge wa Kadutu nitasema nini mbele ya maaskofu?" Makala hii ni jibu nililompa, na ni kwa kila Mkristo anayeitwa kwenye kazi hiyo.

Mjumbe mlei ni nani?

Mlei ni Mkristo asiyewekewa mikono kuwa mchungaji: mkulima, mwalimu, muuguzi, mwanafunzi, mfanyabiashara. Katika mkutano mkuu si wote waliomo ukumbini wenye haki sawa. Mjumbe anasema na anapiga kura. Mshauri na mgeni wanasema wakipewa nafasi, lakini hawapigi kura. Na kura ya mjumbe mlei inahesabiwa moja, kama ile ya askofu.

Walei walikuwepo tangu mwanzo

Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kwamba kwa ubatizo waamini wote ni makuhani, na kwamba wachungaji wanatofautiana na wengine kwa kazi tu. Miaka kumi baadaye jambo hilo lilionekana kwa macho. Tarehe 25 Juni 1530, huko Augsburg, Ungamo la imani ya Kilutheri lilisomwa mbele ya Kaisari Karolo wa Tano. Luther mwenyewe hakuwepo. Alikuwa chini ya hukumu, akabaki katika ngome ya Coburg. Aliyeandika Ungamo alikuwa Philipp Melanchthon, mwalimu wa chuo kikuu ambaye hakuwahi kuwekewa mikono. Aliyelisoma kwa Kijerumani alikuwa Christian Beyer, mwanasheria. Waliotia sahihi walikuwa watawala na wawakilishi wa miji, si wachungaji.

Ni kweli watawala wale hawakuchaguliwa na washiriki wa kawaida. Hata hivyo, msingi wa kanisa hilo uliandikwa, ukasomwa na kutiwa sahihi na watu wasio wachungaji. Mama wa Kadutu haingii mahali pa wengine.

Kura si jambo dogo

Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzishwa Lund, Sweden, mwaka 1947. Mkutano wake mkuu wa kwanza kufanyika Afrika ulikuwa Dar es Salaam, mwaka 1977. Wajumbe walimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano. Pia walitamka kwamba ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika ni jambo linalogusa ungamo la imani, si siasa tu. Budapest, mwaka 1984, wajumbe waliendelea mpaka mwisho wa neno lile: makanisa mawili ya Wazungu ya kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama.

Mkutano huohuo wa Budapest uliweka lengo kwamba wanawake wawe angalau asilimia 40 ya wajumbe, na vijana asilimia 20. Kwa hiyo parokia ikituma mama au kijana, isidhani imewafanyia hisani. Nafasi hiyo ni yao.

Sauti ya Bukavu ilisikika Windhoek

Mwezi wa Mei 2017 Fungamano lilikutana Windhoek, Namibia, kukumbuka miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa. Aliyealikwa kutoa hotuba kuu alikuwa Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, mzaliwa wa mji wetu na mwanzilishi wa hospitali ya Panzi. Aliwakumbusha warithi wa Luther kwamba kupinga ukatili dhidi ya wanawake ni kazi ya kanisa. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Lakini tukumbuke: Daktari alikuwa mgeni. Alisema, kisha wajumbe ndio waliobaki na kazi ya kuamua. Mgeni anaweza kuwasha moto ndani ya mioyo. Mjumbe ndiye anayeamua kama utatunzwa au utazimika.

Kabla ya safari

Mjumbe asome makaratasi yote ya mkutano, hasa ripoti ya fedha na mapendekezo ya kubadili katiba. Akae na wamama, vijana, kwaya na wazee, awaulize wanaumwa wapi, aandike majibu yao. Lakini asigeuke barua iliyofungwa kwa gundi. Anatumwa asikilize pia, aombe, na apige kura kwa dhamiri yake.

Njia nayo ni mzigo. Makao makuu ya Kanisa la Kilutheri nchini kwetu yako Lubumbashi, mbali sana na sisi. M23 walipouchukua mji wetu Februari 2025, safari za ndege za Kavumu zilisimama. Hata wajumbe wa dunia wanajua shida hii: mwaka 2003 baadhi yao hawakufika Winnipeg kwa sababu Kanada iliwanyima viza. Safari ikiwa ngumu, kishawishi ni kutuma kiongozi peke yake kwa sababu ndiye mwenye nauli na paspoti. Hapo sauti ya walei inapotea bila mtu yeyote kuifukuza. Parokia ianze kuchanga mapema.

Ndani ya mkutano

Usipoelewa, inua mkono uulize. Aibu ya dakika moja ni afadhali kuliko kukubali jambo usilolijua. Usipokee bahasha ya mtu anayetafuta kiti. Katika nchi yetu tumeona jumuiya za kanisa zikigawanyika baada ya uchaguzi wa viongozi, ndugu wakikutana mahakamani, waamini wakibaki bila kujua wasali wapi. Mara nyingi mgawanyiko ule ulianza kwa kura zilizonunuliwa na wajumbe walionyamaza.

Kurudi

Hapa ndipo wengi tunashindwa. Nilipokuwa kijana, mzee mmoja alirudi kutoka mkutano akatusimulia chakula, hoteli na kofia aliyopewa. Ya maamuzi hatukusikia neno. Katika Matendo 15, mitume na wazee pamoja na kanisa lote walichagua watu wa kupeleka uamuzi wa Yerusalemu. Walipofika Antiokia walikusanya kanisa, barua ikasomwa, watu wakafurahi. Kazi ya wajumbe ilitimia pale, siyo Yerusalemu.

Kwa hiyo, ndani ya wiki mbili baada ya kurudi, mjumbe aombe nafasi baada ya ibada. Aeleze tuliamua nini, nilipiga kura vipi na kwa sababu gani, na sasa parokia inatakiwa kufanya nini. Kisha akubali maswali.

Mama yule alikwenda. Aliporudi alisimama mbele na daftari lake la hesabu za vitenge, akasoma maamuzi moja baada ya lingine, pamoja na lile ambalo yeye alilipinga. Watu walimuuliza maswali mpaka jua likawa kali. Hakuna aliyesema tena kwamba mkutano mkuu ni wa wachungaji.

Bwana awape wajumbe wetu masikio, ujasiri na njia salama. Amina.