Taka za nyumbani: Sheria yasemaje, na wajibu wako ni upi?

MKAZI wa mjini anapotia maganda ya ndizi, chupa ya soda na betri kuukuu katika gunia moja, aghalabu hudhani kwamba kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo matatizo huanzia. Karatasi iliyolowa mchuzi hainunuliwi na yeyote, nayo maganda yaliyochanganyika na vigae vya chupa hayawezi kulishwa nguruwe wala kugeuzwa mboji. Mchanganyiko huo wote huishia jaani.

Je, taka ni jukumu la nani? Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Jedwali la Nne la Katiba hiyo nalo limezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka, kazi iliyokuwa ya mabaraza ya miji hapo awali. Hata hivyo, mwananchi hajaondolewa wajibu.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inaagiza taka zitenganishwe pale pale zinapotoka. Kuna mafungu mawili makuu: taka zinazooza, mathalan mabaki ya chakula, maganda ya matunda na majani, na zile zisizooza, kama vile plastiki, chupa, mikebe na vyuma. Kila fungu huwekwa katika chombo chake, chenye alama na rangi ya kulitambulisha.

Mnamo Aprili 2024, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa ilani kwamba taka zinazooza zitiwe tu katika mifuko ambayo yenyewe huoza kabisa, na ikatoa muda wa siku 90 kwa agizo hilo kutekelezwa. Ilani hiyo ilifuata marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza kutekelezwa Agosti 28, 2017. Anayepatikana na hatia ya kukiuka marufuku hayo anaweza kutozwa faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kufungwa gerezani.

Namna ya kutenganisha si ngumu. Weka ndoo yenye kifuniko jikoni kwa mabaki ya chakula, na gunia kavu kando kwa chupa, karatasi na mikebe. Suuza chupa na mikebe kabla ya kuitia guniani, kwani ikiwa safi haivuti nzi wala panya, na mnunuzi huipokea kwa urahisi.

Mwenye kipande cha ardhi anaweza kutengeneza mboji. Panga maganda na majani mabichi kwa tabaka, ukibadilisha na majani makavu au nyasi. Nyunyizia maji kiasi, kisha geuza rundo hilo mara kwa mara ili hewa ipenye. Usitie nyama, mifupa wala mafuta, kwa kuwa huleta harufu na wadudu. Baada ya miezi michache utakuwa na mbolea ya sukumawiki.

Betri, sindano, dawa zilizoharibika, simu mbovu na balbu za mirija zisichanganywe na taka nyingine. Balbu hizo huwa na zebaki, na sindano humdunga anayezoa taka. Vilevile, usichome plastiki uani. Moshi wake hubeba sumu kama vile dioksini, na wa kwanza kuivuta ni watoto wako na wa jirani.

Wapangaji wengi hulipia uzoaji kila mwezi, ama kupitia kwa mwenye nyumba ama kwa kikundi cha vijana wa mtaa. Kabla ya kulipa, uliza kama mzoaji ana leseni na hupeleka taka wapi. Asiye na jibu huenda akazimwaga mtoni au kando ya barabara usiku.

Wanaopuuza haya na wafikirie Dandora, jaa la Nairobi lililoanza kutumika katika miaka ya 1970. Mwaka wa 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilichapisha uchunguzi uliohusisha watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo. Nusu ya waliopimwa walipatikana na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Betri iliyotupwa katika mtaa mmoja humdhuru mtoto wa mtaa mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huzibwa jikoni, kwa ndoo moja na gunia moja.